Ramani ya Saruji na Tundu la Mwera

Siku ya kwanza nilipoingia kazini katika skuli ya sekondari, hapa mjini Unguja, mkononi nilikuwa na mwiko, timazi na pimamaji, na cheti sikuwa nacho hata kimoja. Darasani nilikaa miaka michache tu, nikatoka nikenda kupiga chokaa. Nyinyi vijana mtacheka, lakini nakwambieni kweli: katika mafundi wa rika langu pale Mji Mkongwe, hakuna aliyeniweza kwa sakafu ya juu.

Sakafu ya juu ni lile paa bapa la nyumba zetu za mawe. Kazi yake yote ni mteremko. Fundi huulaza udongo na chokaa kwa mteremko mdogo, jicho halioni ila maji yanauona, na mvua yote inakwenda kwenye mlizamu, yaani ule mfereji unaotoka ukutani na kumwaga nje. Maji yakisimama, au yakipotea katikati, basi huyo si fundi. Sakafu zangu hazijavuja.

Ilikuwa miaka miwili mitatu baada ya Mapinduzi. Masomo yalikuwa bure, watoto wamejaa madarasani, vifaa haba. Ramani zilizokuwepo nyingi zilikuwa za nchi za watu, mtoto anajua mito ya Ulaya na hajui ya Kizimbani. Mwalimu Mkuu, mtu mrefu asiyependa maneno, akanipeleka uani.

“Mwalimu wa jiografia anaitaka Unguja nzima hapa chini, kwa saruji. Vilima, mito, pwani. Utaweza?”

“Bwana Mkubwa, mimi nshapiga sakafu za majumba ya—”

“Sikukuuliza ulichofanya.”

“Naweza.”

“Haya. Mwisho wa muhula anakuja Mkaguzi wa Elimu. Akiikubali, nakuandika fundi wa skuli, kazi ya kudumu. Akiikataa, rudi ulikotoka.”

Nilikotoka ni kwa Fundi Mkuu Makame, aliyenifunza kazi. Siku ya kuondoka nilimwambia mbele ya vibarua wake kwamba hana jipya tena la kunifunza. Nirudi kwa uso gani?

Mwalimu wa jiografia akiitwa Maalim Suleiman, mfupi, kanzu yake haikosi vumbi la chaki. Alinitandikia ramani ya karatasi imejaa mistari iliyopindapinda kama alama za kidole gumba.

“Hizi ni kontua,” akasema. “Fanya kama bahari imepanda mpaka hapa, ikasimama, ikaacha alama kuzunguka kisiwa. Ikapanda tena, ikaacha nyingine. Kila mstari ni mwendo wa mahali penye urefu mmoja.”

“Kama alama za maji ndani ya birika.”

“Hasa! Sasa, tukifuata skeli sawasawa, kilima cha Masingini kwenye ramani yako hakitafika hata unene wa kidole. Itabidi vilima tuvikuze, ama sivyo watoto hawatoona kitu.”

Nilipenda jambo hilo. Usiku nikilala naona kontua darini. Nikenda sokoni naitazama njia, najiuliza hapa tunapanda au tunashuka. Nilikuwa nimekanyaga kisiwa hiki tangu kuzaliwa na sikujua kuwa kina mgongo upande wa magharibi, kisha kinalala chini kuelekea mashariki, kwenye nchi ya mawe tunayoiita maweni.

Kazi ilipokauka, Maalim aliwaleta wanafunzi wa kidato cha pili, akatoboa kopo akanyesha mvua. Maji yalishuka Masingini, yakaingia mitoni, yakafika baharini. Hakuna tone lililosimama. Nikatazama huku na huku nione nani ataanza kunisifu.

Maalim akainama penye mto wa Mwera. “Fundi, huu umeupeleka wapi?”

“Pwani, Maalim.”

“Kwenye karatasi unafika pwani?”

“Unaishia katikati ya nchi. Nikajua mchoraji kasahau, nikammalizia.”

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mmoja, Zuwena, msichana mwenye ulimi wa upanga, akasema, “Fundi kaichongea Unguja mlizamu!”

“Mto ule hauendi pwani,” Maalim akasema taratibu. “Ukifika maweni unaingia ardhini. Toboa hapo.”

“Sitoboi! Mkaguzi anakuja aone sakafu yangu inavuja? Mto mzima uingie ardhini uende wapi?”

“Wewe unapajua Mwera?”

“Napita kila Ijumaa.”

“Unapita darajani. Mto umeufuata?”

Maalim akaomba lori la skuli, tukapanda sote, na mimi na pimamaji yangu, maana nilikuwa na hakika kabisa kuwa nakwenda kumwonyesha mlizamu ulipo.

Tuliufuata mto kwa miguu, mabondeni kwenye mipunga, mpaka udongo ukaisha yakaanza mawe meusi yenye meno. Mto ukapungua sauti. Halafu ukawa umekwisha. Mbele yetu lilikuwa jiwe, chini yake giza, na maji yanaingia pole pole kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nilitupa jani, likenda. Nikazunguka nyuma ya jiwe mbio, nikakuta vichaka vikavu.

“Fundi, pimamaji inasemaje?” Zuwena akaniuliza.

Nilikuwa nimelala kifudifudi, sikio kwenye jiwe. “Maalim, yanatokea wapi?”

“Sijui.”

“Hujui?”

“Pwani ya maweni kuna chemchemi za maji matamu, zinaonekana bahari ikitoka. Huenda ndiyo haya, huenda siyo. Wallahi sijui.”

Mimi nilidhani mtu akisoma jiografia anakuwa kamaliza. Kumbe ndio kwanza anaanza kuuliza.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga hesabu. Tatizo sasa lilikuwa langu. Tundu naweza kulitoboa, lakini maji yakishaingia chini ya saruji yatakula msingi, na mvua za masika zitaipasua Unguja vipande viwili. Tulipofika Mwanakwerekwe nikaruka kitini. “Karo!”

Karo ni lile shimo la nyumba, limejazwa mawe, linameza maji na hakuna anayeuliza yamekwenda wapi. Nimechimba mengi. Basi nikavunja kazi yangu kwa mikono yangu, nikachimba karo chini ya Mwera, nikalipanga mawe, nikalifunika, nikaacha tundu la kuingia ncha ya kidole.

Mkaguzi alikuja na tai na viatu vinavyong'ara. Akamwaga ndoo yake mwenyewe. Maji yakashuka, yakafika Mwera, yakatoweka.

“Fundi,” akasema, “sakafu yako inavuja.”

Mwalimu Mkuu akanitazama. Maalim akafungua mdomo, nikamwahi.

“Inavuja, Bwana Mkaguzi, na nimeivujisha mimi. Vua viatu hivyo nikupeleke ukaone.”

Akacheka. Kisha akachuchumaa, tai inagusa bahari ya Chwaka. “Na yanatokea wapi?”

“Maalim hajui. Na mimi sijui.”

Akamwaga ndoo ya pili. Siku ile ile niliandikwa kazi.

Nilihamishwa skuli nyingi baada ya hapo, nikafika hadi msimamizi wa mafundi, mimi niliyekuwa sina cheti. Nimestaafu mwaka huu. Wiki iliyopita nilipita pale skuli ya kwanza nikamkuta fundi mpya kapiga magoti penye Mwera, na saruji tayari kwenye karai.

“Shikamoo, Mzee. Hii kazi nzuri sana, ila kuna tundu. Nataka kuliziba.”

“Marahaba. Weka mwiko chini, ulete maji.”

Akaleta, akamwaga. Yakaingia. Akangoja, kisha akalaza sikio kwenye saruji.

“Mzee, yanatokea wapi haya?”

Nikaketi kizingitini mwa darasa. “Lete ndoo nyingine,” nikamwambia.