Bei ya Bunduki ya Shemeji

Hadi leo nina hasira, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe. Shemeji yangu Mutua, anayesimamia ranchi, alipata kibali cha kununua bunduki ya semi-otomatiki, ile inayojipakia risasi yenyewe, iliyotumika ng'ambo. Kwa kuwa nimekuwa askari wa geti miaka mingi, aliniomba nimsaidie kupima bei. Sikumwambia kwamba kazini nimewahi kupewa rungu tu.

Tulipofika dukani, Machakos mjini, mama muuzaji alitaja laki nne. Niliinua bunduki iliyokuwa juu ya kaunta, nikachungulia mtutu, damu ikanichemka.

"Laki nne kwa chuma kilichochakaa hivi?" nilifoka. "Mtutu wote umeliwa na kutu! Unatuona washamba?"

Mutua alinivuta shati. "Shemeji, pole pole."

"Niache! Wezi kama hawa nawajua."

Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha alifungua kabati la chuma nyuma yake, akatoa bunduki nyingine.

"Mzee, tunayouza ni hii," alisema. "Hiyo umeshika ni plastiki. Ni ya kufundishia wateja."