Upande wa Mnara Ulioporomoka

Chama chetu hakina ofisi. Kina majlisi, sebule ya wageni ya nyumba yangu hapa Mabela, pembeni mwa Maskati, kina kundi la simu lisilolala, na kina watu wanaopenda minara ya kale kuliko wanavyopenda kupumzika siku ya Ijumaa. Wengi wetu ni watoto wa wazee waliotoka Unguja na Pemba, kwa hiyo mikutano huanza kwa Kiarabu, na ubishi ukipamba moto hugeuka Kiswahili. Mimi ndiye mwenyekiti, kwa sababu siku ya kuchagua nilikuwa jikoni nakaanga sambusa, na asiyekuwapo hana wa kumtetea.

Kazi yetu ni kutunza minara ya moto. Maskati imezungukwa na vilima vya mawe, na juu ya vilima vingi pana mnara, mwengine mzima, mwengine umebaki kisiki. Zamani mlinzi alikaa juu akitazama njia za wadi, yale mabonde makavu ya mito. Akiona hatari aliwasha makuti ya mtende, na mlinzi wa kilima cha pili akiuona moto naye aliwasha wake, na habari ikafika pwani upesi kuliko farasi. Siku hizi magari hupita chini ya minara hiyo na dereva hainui macho. Mimi huinua. Nikitoka Sib asubuhi, vumbi jepesi likiwa limetanda na milima haijaonekana sawasawa, huiona ile minara ikija polepole kunilaki, mmoja baada ya mwengine, na husahau kwamba ninayekwenda ni mimi. Katibu wetu, mfamasia mstaafu asiye na subira na ndoto za watu, hakubali kupanda gari ninaloendesha.

Ndoto zenyewe nimezirithi kwa baba. Nilipokuwa mdogo, baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ikilala na kiyoyozi kikinguruma, yeye alijinyoosha mkekani akanisimulia moto wa kijiji cha babu yake. Mwenyewe hakuwahi kuuona. Alizaliwa Unguja. Babu yake ndiye aliyeondoka kijijini kijana, akaenda kutafuta maisha, akafia huko, na alichowaachia watoto ni hadithi ya mnara mmoja wa pande nne juu ya mitende. Baba aliisimulia kwa sauti ya chini, hata sikujua kama nimelala au niko macho, na mara nyingi niliuona moto ule ukiruka kutoka kilima hadi kilima juu ya dari ya chumba chetu. Sijapata tena usingizi mtamu namna ile.

Kijiji chenyewe hakiko mbali. Mji umekifikia, barabara kubwa inapita mbele yake, lakini nyuma mitende bado ipo, na mfereji bado unatiririka. Tangu aliporudi Omani, kijana mwenye sanduku moja, baba hakukosa kwenda kila Idi. Hakuna aliyemtendea ubaya, wacha niseme kweli. Walimpokea kwa halwa na kahawa, wakamkalisha mahali pa heshima, wakamuuliza habari za safari kana kwamba katoka mbali, naye katoka Mabela. Hakuna aliyemtania. Hakuna aliyemkatiza akizungumza. Vijana walimsindikiza mpaka garini, wakamfungulia mlango, na njia nzima ya kurudi yeye alitazama nje.

Mwaka ambao daktari alimwambia moyo wake umechoka, alinijia jikoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango.

"Mwanangu, mie kufa siogopi," aliniambia. "Lakini nnaona vibaya kufa mgeni. Huko Unguja tuliitwa Wamanga, Waarabu wa kuja. Hapa naitwa Mzinjibari. Na kule kijijini, wallahi, wananikirimu mpaka naona uchungu."

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Utengenezeni ule mnara. Nyie si ndiyo kazi yenu? Pengine wakiona tumeutunza, watanijua."

Basi nikaupeleka mnara ule mbele ya chama. Tulikwenda kuutazama asubuhi moja ya baridi, jua likiwa laini na kilima kizima kikinuka vumbi lililolowa umande. Pande tatu zilisimama imara, udongo wake laini, hauna hata ufa. Upande wa magharibi ulikuwa umeporomoka. Mawe yamechomoza, udongo umeliwa na mvua, na katikati pana pengo ambalo ungeweza kupitisha kichwa ukaiona mitende yote chini. Tulisimama tukibishana. Mmoja alisema ni upepo, mwengine mvua za upande ule, na katibu akashika kwamba ni mbuzi. Mimi nilikuwa nimeshaingiza kichwa penye pengo, upepo ukinipiga usoni, nikisikiliza mfereji.

Kibali cha serikali kilipotoka tulirudi Ijumaa na jeshi letu lote. Upande ulioporomoka ulihitaji kwanza jukwaa la kupandia, na jukwaa lilichelewa. Watu wameshafika, mabirika ya chai yameshapanda kilimani, nani angekubali kukaa bure? Tukaanza na zile pande tatu nzima. Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo lingefanywa na watu wa aina yetu tu. Kwa sisi wa asili ya Unguja, kitu cha kale ukikienzi unakipaka chokaa. Msikiti hupakwa, kaburi la mtu mwema hupakwa, na nyumba hupakwa harusi ikikaribia. Tulikuja na magunia ya chokaa kwa moyo mweupe kabisa, tukapaka, na mtu alianzisha kasida, na wengine wakaipokea. Ilipofika alasiri mnara uling'aa juu ya kilima cha kahawia kama bi harusi aliyepotea njia. Baba alikuwa chini kivulini, ameinua uso, na machozi yalimtoka.

"Unaonekana mpaka Sib!" alipiga kelele katibu.

Hakuna mtu wa kijijini aliyepanda kututazama. Tukasema wameona haya.

Siku chache baadaye wakaja nyumbani kwangu wageni wawili kutoka kile kijiji, bibi wa umri wa baba na mwanawe wa kiume, anayefanya kazi benki huko Ruwi. Tuliwakaribisha majlisini. Nikamimina kahawa. Bibi aliipokea, akaiweka chini mbele yake. Mwanawe vivyo hivyo. Ilikuwa Jumatatu, nikadhani wamefunga sunna, nikaomba radhi. Bibi akasema hawakufunga. Nikadhani kahawa yetu imewashinda, maana wengine husema sisi wa Zanzibar kahawa tunaipika nyepesi, nikaenda kupika chai ya maziwa na iliki. Chai ikakaa hapo hapo. Nikaleta sambusa, nikaleta maji ya embe, nikaleta vileja. Kila nilichokiweka kilibaki kama kilivyo, nami nikawa natoka na kuingia kama mtu aliye ndotoni, anayekimbia na hafiki.

"Mwanangu, kaa kitako," baba aliniambia kwa Kiswahili, taratibu. Uso wake ulikuwa umesawajika. "Hawa wamekuja na shitaka. Hawanywi mpaka wasikilizwe."

Nikakaa. Hamsini yangu inakaribia, nimezaliwa nchi hii, na jambo hilo nililijua vizuri. Siku hiyo halikunijia kabisa.

Bibi alizungumza Kiarabu cha kijijini, kizito, bila kuinua sauti. Alinitazama mimi, si baba.

"Nani alikwambieni mguse kuta zetu?"

Nikamjibu kwamba tulitaka kuusaidia mnara. Akasema mnara wa ulinzi hujificha ndani ya kilima, na wao sasa wana mnara unaowaita maadui. Hapo mwanawe alitabasamu kidogo, mama yake akamkata jicho. Hasira zikanipanda, sifichi. Nikasema rangi itatoka, lakini wao je? Upande mzima wa magharibi umeporomoka mbele ya macho yao, na wametazama tu.

"Upande ule si wetu," alisema.

"Ni wa nani?"

Ndipo alipogeuka kumtazama baba.

"Wa babu yake."

Akatueleza, na alieleza kwa uvivu, kama mtu anayelazimishwa kusema kwamba maji hulowesha. Mnara ule ni wa koo nne, na kila ukoo una upande wake. Mvua zikimalizika, kila ukoo huchanganya udongo na mabua, ukapaka ukuta wake kwa mikono. Ndivyo walivyofanya wazee wao na ndivyo wanavyofanya wao. Babu yake baba alipoondoka alisema atarudi. Kwa hiyo hakuna aliyeugusa ukuta wake.

"Lakini ulikuwa unabomoka!" nikasema.

"Binti yangu, kuupaka ukuta wa mwenzio ni kusema hatorudi tena. Nani angelisema neno hilo?"

 Nje gari la maji lilikuwa likirudi nyuma na kulia, na nakumbuka nilijishika kwenye sauti ile nisiondoke duniani. Maana nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa kule kilimani, nimeingiza kichwa penye pengo, na pengo lilikuwa letu. Mvua zote zile, watu wamepanda na udongo wao, wamepaka hadi kwenye pembe, hapo wakaacha.

Baba alikohoa. "Kwa nini hamkuniambia?"

"Mtu huambiwa nyumba yake ni ipi?" Sauti ya bibi ilitetemeka sasa. "Kila Idi unakuja. Unakunywa kahawa, unashukuru, unaondoka. Hata siku moja hukuuliza ukuta wako. Tulisema, huyu ameshakuwa mtu wa huko, hatutaki. Nasi tukakaa nawe kwa adabu, kama anavyokaliwa mtu asiyekutaka."

"Sikujua," baba alisema. "Babu alituachia hadithi ya moto. Ya ukuta hakutuachia."

Alirudia mara nyengine kwamba hakujua, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kilemba chake. Bibi akainama, akaokota kikombe, akainywa kahawa yote ikiwa imeshapoa, na mwanawe akanyoosha mkono kwenye sambusa.

Mimi sikuweza kula. Nilifurahi kiasi cha kuumwa na kifua, na nilikasirika vilevile. Maisha mazima ya mtu yamepita katikati ya upole wa pande mbili, kila upande ukidhani umekataliwa, na neno moja tu lingetosha! Mpaka leo hasira ile haijanitoka yote. Wiki ile nilipika nikiunguza, niliendesha gari nikapitiliza nyumba yangu mwenyewe, na kila nikifumba macho niliuona ukuta ule wazi kwa upepo, na watu wa kijiji wakiuzunguka kwa heshima.

Ijumaa iliyofuata kila ukoo ulipanda kukwangua chokaa ya upande wake. Wanachama wangu walikuja na majembe na moyo wa toba, wakaambiwa wakae chini mitendeni wanywe kahawa, wao hawana ukuta hapa. Katibu alinung'unika, kisha akalala. Nami nikakaa nao, mwenyekiti wa chama cha kutunza minara, sina la kufanya, nikitazama udongo ukipandishwa kwa ndoo.

Baba, aliyepandishwa kilimani taratibu na vijana, aliniita jina langu kutoka juu, akatumia lile la utotoni ambalo sikulisikia tangu mama afariki.

"Unangoja nini huko? Wewe si wa upande huu?"

Nikapanda. Mawe makubwa yalikuwa yameshapangwa tena na mafundi, na kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono. Daktari alimkataza baba kupanda ngazi, kwa hiyo yeye alipaka pale anapofika akiwa amesimama, nami nikapaka juu yake. Udongo ulikuwa baridi, una harufu ya mfereji. Jua lilitupiga mgongoni. Mkono wangu ulikwenda na kurudi mpaka sikujua tena ni wangu au ni wa nani aliyetangulia. Nililia kidogo, udongo ukaniingia jichoni, nikalia zaidi.

Bibi alitokea pembeni, fimbo mkononi, akasimama nyuma ya baba. Alitazama kazi yake. Akachomeka kidole kwenye udongo mbichi, na kipande kizima kikaporomoka chini.

"Ni nini hiki? Uji?" alimfokea. "Maji mengi, mabua hakuna! Umechelewa miaka yote hiyo, na leo unakuja kulipua kazi? Mvua ya kwanza itaondoka nao, na maji yataingia kwangu. Bandua! Bandua wote, uanze upya!"

Watu walicheka pande zote za mnara. Mwanawe alipiga kelele kutoka upande wao kwamba mzee huyu tangu asubuhi anawaibia mabua, na bado hajui kuyatia.

Baba alisimama na mikono yake imejaa udongo, ndevu zimejaa udongo. Alinigeukia, na macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepewa kitu mbele ya wenzake.

"Unasikia, mwanangu?" alininong'oneza. "Nnagombezwa."

Kisha akamgeukia bibi, akamjibu kwa ukali kwamba upande wake yeye umepinda, na akaanza kubandua.