Za Katikati Zishinde za Pembeni

Mtaa mzima ulijua kwamba mwalimu wa hesabu amepigwa marufuku kugusa kompyuta ya karakana. Na aliyempiga marufuku ni nani? Mdogo wake, tumbo moja, yule yule aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, akamfunga vifungo vya shati la shule, akamfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Leo kijana ana ndevu, anamwambia, "Dada, karibu chai, karibu kiti, lakini pale mezani kwangu usisogee." Jeuri iliyoje!

Lakini tuseme ukweli, alikuwa na sababu. Karakana ilikuwa ya droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani, na kijana alikuwa akiziunda mwenyewe kwa mota nne na mabomba mepesi. Mwaka uliopita dada mtu alimjazia karatasi nzima mahesabu, akapiga mistari miwili chini yake, akasema, "Pandisha namba utakavyo, iko salama." Droni ikapaa, ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, ikajibwaga juu ya tangi la maji la jirani yao, fundi wa kuchomelea. Tangi likapasuka, fundi akalowa chapachapa. Tangu siku hiyo akimwona mwalimu anapita na madaftari yake humwita, "Bi Salama! Leo nianike nguo au niziache?" Watu wanavunjika mbavu. Mwalimu naye hucheka, maana afanyeje, lakini ilimuuma kweli kweli.

Ilimuuma kwa sababu hesabu ile aliipenda kuliko chochote alichowahi kujifunza. Sasa ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo ameila kwenye vumbi la chaki. Ujanani alikwenda chuo kusomea mitambo inayojiongoza. Mwaka wa pili mama akaugua, binti akarudi kumuuguza, na chuo kikabaki huko huko. Alirudi na kitabu kimoja kisicho na jalada, na ndani yake mna jedwali. Jedwali lenyewe unalijaza namba za mtambo, nalo linakwambia kabla hujauwasha: huu utatulia, au huu utajitikisa mpaka uvunjike. Kabla hujauwasha, jamani! Siku alipolielewa alizunguka bwenini akimsimulia kila mtu, mpaka wenzake wakamfungia mlango. Mpaka leo ukilitaja tu, uso unamchangamka.

Mdogo wake hakuwa mtu wa jedwali. Mtaani walimwita Sikio, kwa kuwa droni zake alizirekebisha kwa kuzisikiliza: anaongeza namba kidogo, anainamisha kichwa, anapunguza, anasikiliza tena. Na alijua, usimdharau. Tatizo ni kwamba baada ya kisa cha tangi alimwapia fundi wa kuchomelea kwamba hatawasha tena droni mtaani bila kuifunga. Kwa hiyo kila droni aliijaribu ikiwa imefungwa kamba nne kwenye fremu ya chuma katikati ya karakana, kama mbuzi mkorofi.

Sasa ikaja kazi. Wajenzi wa laini ya umeme walitaka kuvusha nyaya juu ya bonde lenye kina kirefu, lisilo na njia ya mtu. Kwanza uvuke uzi mwembamba, uzi uvute kamba, kamba ivute waya. Uzi ulikuwa wa kuvushwa na droni, Jumamosi, na Sikio alibakiwa na droni moja tu. Alikwisha sema wazi: hii ikianguka bondeni, Jumatatu anafunga karakana na kwenda mji mwingine kuendesha lori. Barua ya kazi ilikuwa mfukoni tayari. Mwalimu aliposikia hivyo, aliiacha sahani yake imejaa. Hana mume, hana mtoto, ana huyo huyo.

Jumamosi asubuhi akaingia karakana na chupa ya chai. Droni ilikuwa kwenye kamba zake, inavuma vizuri, na Sikio ameketi pembeni anatabasamu.

"Sikiliza, dada. Inaimba."

Mwalimu hakuwa akisikiliza, alikuwa akitazama mapangaboi yanayozungushwa na mota. Yalikuwa mapya, mapana, ya kubebea uzi. Na hapo akaiweka chini chupa ya chai, kwa sababu mwaka mzima huu alikuwa akilitafuta kosa lake, na alikuwa amelipata nyumbani kwake, kwenye feni ya dari. Unabonyeza swichi, feni haikimbii papo hapo, inajivuta kwanza. Yeye kwenye karatasi yake ya mwaka jana alidhani mota ikiamrishwa inatii hapo hapo. Alisahau kuhesabu kuchelewa! Ukikusahau huko kuchelewa, jedwali linakubali kila namba unayoliwekea, halina la kukukatalia. Alipogundua aliwasha na kuzima ile feni mara nyingi kiasi kwamba mpangaji wa chumba cha pili aligonga kuuliza kama umeme una hitilafu.

"Zima, uwashe tena," alisema, akitoa simu. "Nataka kuipiga video ya polepole."

Sikio akaguna, lakini akawasha. Mwalimu akairudia ile video mara tatu. Kutoka amri mpaka pangaboi kushika kasi, sehemu moja ya kumi ya sekunde. Yale ya zamani yalichukua nusu ya hapo.

"Mdogo wangu, ukali umeweka ngapi?" Ukali ni ile nguvu ya droni kujirudisha sawa ikiinama.

"Dada, tulikubaliana nini?"

"Nataka namba tu. Sigusi kitu."

"Sitini. Na breki tano." Breki ni ile ya kuizuia isijirudishe kwa pupa ikapitiliza. "Namba hizo hizo nimerushia miaka mitatu."

Mwalimu akapiga magoti na suti yake nzuri, akaandika kwa chaki kwenye sakafu namba nne kwa mstari: sehemu ya kumi ya kuchelewa, moja ya kuisimamia droni yenyewe, breki tano, ukali sitini.

"Tazama. Zidisha mbili za katikati: moja mara tano, tano. Zidisha mbili za pembeni: sehemu ya kumi mara sitini, sita. Za katikati lazima zishinde za pembeni. Zikishindwa, mtikisiko haufi, unakua."

"Lakini si hii hapa imetulia! Macho huna?"

"Imetulia kwa sababu umeifunga! Kamba zako zinaishika, zinaipa breki ambayo kule juu haipo. Kule juu nani ataishika, malaika?"

Sikio akazitazama kamba. Halafu ule ukaidi wa kwao ukampanda. "Mwaka jana pia ulikuwa na karatasi."

Hapo mtu mwingine angeondoka na chupa yake ya chai. Mwalimu aliondoka kweli, lakini alirudi na godoro lake kichwani, shuka likiburura chini, akalibwaga chini ya fremu.

"Zifungue kamba. Irushe hapa hapa, magotini tu. Ikitulia, mimi ni Bi Salama mpaka kufa kwangu."

Fundi wa kuchomelea, aliyesikia vurugu, akachungulia mlangoni na kofia yake ya chuma usoni. "Si uliniapia?" Lakini hakuondoka, uhondo kama huo nani anauacha? Sikio akazifungua kamba, akainua droni mpaka usawa wa magoti. Ikakaa. Sekunde moja, mbili. Akamgeukia dada yake na lile tabasamu la ushindi, na kabla hajasema neno droni ikatikisika kidogo. Ikatikisika zaidi. Mara mlio ukabadilika, na Sikio akausikia kabla ya wote. Ikaruka kushoto, kulia, kushoto, kila mara kwa hasira kubwa zaidi, kisha pwaa! kifudifudi kwenye godoro.

Fundi akaivua kofia yake taratibu. "Ile ingekuwa bondeni," alisema.

"Weka ukali arobaini," mwalimu alisema, na sauti ilimtetemeka kwa furaha, hakuweza kuizuia. "Breki nane. Nane dhidi ya nne. Weka wewe, mimi nimepigwa marufuku."

Akaweka. Ikapanda, ikasimama hewani kimya, utadhani imewekwa juu ya meza isiyoonekana. Sikio akachukua fagio, akaisukuma. Ikayumba, ikarudi, ikatulia. Akaisukuma tena, kwa nguvu. Ikarudi! "Dada!" akapiga kelele. "Dada! Dada!" Neno jingine hakuwa nalo.

Saa nne walikuwa ukingoni mwa bonde. Mwalimu alitazama chini mara moja, ikamtosha. Ng'ambo, wafanyakazi walionekana wadogo kama njiti za kiberiti, wakipunga mikono. Mhandisi wa laini, bwana mwenye haraka zake, alikuwa na habari njema kwao.

"Fundi wa droni, nimebadili mawazo. Badala ya uzi mwembamba, vusha huu mnene moja kwa moja. Utatuokolea nusu siku."

Sikio wa jana angesema tutaona huko huko. Sikio wa leo aliushika ule uzi, akaupima uzito mkononi, akamgeukia dada yake.

"Unasemaje?"

"Sisemi kitu. Nifungie uzito wa uzi huo, nipime mota upya."

Wakaifungia droni fungu la uzi, Sikio akaishikilia, simu ikachukua video. Mota zilizoelemewa zilijivuta mara mbili ya mwanzo, sehemu mbili za kumi. Mwalimu akaketi kwenye jiwe, daftari gotini. Katikati, moja mara nane. Pembeni, mbili za kumi mara arobaini. Nane kwa nane. Hakuna mshindi! Angesema rusha, droni ingeyumba bila kukua wala kufa mpaka upepo uimalize. Akafuta, akaanza upya.

"Jamani, tutakaa hapa mpaka lini?" mhandisi akauliza. "Mambo ya daftari si ya shuleni haya?"

"Nyamaza kidogo, mheshimiwa," alisema Sikio. "Dada anahesabu."

Wakasubiri wote, wenye kofia ngumu na wasio nazo. Mwalimu alisikia lile neno la mdogo wake, namba zikamchezacheza machoni, lakini mkono haukusimama.

"Punguza ukali," alisema hatimaye. "Ishirini na tano. Breki iache hapo hapo. Nane dhidi ya tano. Itainama sana ikipigwa na upepo, usiogope, usiikaripie kwa rimoti. Iache irudi yenyewe."

"Una hakika?"

"Safari hii nimehesabu kila kitu ninachokijua."

Sikio akapiga moyo konde, akarusha.

Droni ikaondoka ukingoni na uzi ukifuata nyuma, mrefu, mrefu zaidi, mpaka chini yake kukawa hakuna ardhi, ni hewa tupu. Katikati ya bonde upepo ukaikuta. Ikalala ubavu! Mhandisi akashika kichwa. Vidole vya Sikio vikakakamaa, vikitaka kuivuta, na mwalimu akasema, "Iache," na mwenyewe alikuwa hapumui. Ikainuka, ikapitiliza upande wa pili. "Iache!" Ikarudi, ikayumba kidogo. Ikayumba kidogo zaidi. Ikatulia.

"Inakufa!" mwalimu alipiga ukelele. "Mtikisiko unakufa! Umeona? Umeona unavyokufa?" Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja alikuwa akirukaruka kwenye ukingo wa bonde, na mhandisi ikambidi amshike mkono asije akatangulia uzi. Ng'ambo wale watu wadogo wakaanza kukimbia na mikono juu. Mmoja akaudaka uzi, akauzungusha kiwikoni, na kelele zao zikafika zimechelewa, zikapokelewa na kelele za huku.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Droni imeachia uzi, iko juu ya bonde, na lazima irudishwe nyumbani. Mwalimu alimtazama mdogo wake, akaona ameduwaa na rimoti, vidole gumba viko palepale kwenye vijiti, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Alikuwa analia waziwazi mbele ya wanaume wote wale, na hana mkono wa kujifutia.

"Dada," akanong'ona kwa haraka, "dada, nifute. Siioni ilipo."

Mwalimu akavuta upindo wa mtandio wake, akamfuta jicho la kushoto, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfuta utotoni kabla ya kengele ya shule.

"Na hili jingine," alisema Sikio. "Upesi, inakuja."