Nilimuua mtu kwa kope la chini

Jamani, mimi nimeua mtu, na mkono sikuunyanyua. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnitukane mnavyotaka.

Nilikuwa nauza viatu vya mtumba sokoni Kihonda na rafiki yangu, nimwite Dulla. Wezi walitusumbua, na ukimshuku mteja kwa sauti unafukuza na wengine. Nikaamua kujifunza kusema kwa jicho. Si kukonyeza, kukonyeza kila mtu anakuona. Kupitia video za simu nilijifunza kupandisha kope la chini la jicho la kushoto peke yake, uso wote umetulia. Kila asubuhi nilikuwa mbele ya kioo, kidole kimeshika nyusi zisicheze, machozi yananitoka. Mke wangu alidhani nimerukwa na akili.

Nilipoweza, nikamfundisha Dulla. Tukakubaliana kwamba kope likipanda, huyo ni mwizi, mkamate. Nilijiona fundi kweli, kumbe hasira zangu sikuwahi kuzifundisha chochote.

Siku hiyo akaja baba mmoja kutoka milimani na kiroba cha tangawizi. Akakiweka mezani, akavua kandambili, akavaa buti zetu ajaribu. Akasema mbele ya wateja, "Mwanangu, hizi zimebandikwa gundi. Mvua za kwetu hazitazivumilia." Watu wakacheka, mmoja akarudisha viatu alivyoshika. Damu ilinichemka.

"Ngoja nitembee kidogo nizione," akasema, akatoka nje ya kibanda, kama wateja wote wanavyofanya.

Dulla alikuwa ng'ambo ya njia, hakusikia kitu. Akanitazama. Nikapandisha kope.

"Mwizi!" Dulla akapiga kelele.

Mnajua wenyewe neno hilo likishatoka sokoni. Walikuja na mawe, nondo, matofali. Yule baba alinyoosha mguu kuwaonyesha. "Najaribu tu, wanangu, muulizeni mwenye viatu." Hakuna aliyeniuliza. Tofali likampata mdomoni, hakusema tena. Nilisikia mfupa ukivunjika. Kandambili zake zilikuwa mbele yangu, kiroba kiko mezani, nami nimekaa kimya. Hata alipoacha kujikunja waliendelea kumpiga.

Polisi walimchukua Dulla, maana kila mtu alimsikia akipiga kelele. Mimi nilikuwa nimesimama tu. Alipowaeleza habari za kope, walidhani anawafanyia mzaha.

Nilikwenda kumwona mahabusu. Nikamuuliza kama anakula.  Alinitazama, uso umetulia kabisa, halafu kope lake la chini la kushoto likapanda taratibu. Askari aliyesimama kando yetu hakuona kitu.

Wewe unayejizoeza uso mbele ya kioo, jizoeze kwanza kufungua mdomo. Mimi nilihitaji neno moja tu, "Mwacheni", na sikulisema.