Mawe Yalipoanza Kudanganya

Vitabu vinne vya kwanza nilimsomea binti yangu kwa wajibu tu. Ni hadithi za msichana anayesikia mawe yakiongea, na katika vyote vinne mawe humwambia kweli: hapa kuna maji, pale kuna mlango, yule bibi si bibi, ni chatu. Ukishajua jiwe halikosei, unangoja nini? Nilikuwa nasoma huku napiga miayo, nafikiria unga wa chapati za kesho.

Cha tano kikanikamata. Dada yangu alikiona Shinyanga kwenye meza ya vitabu vya mitumba, akampa dereva wa basi atuletee huku Bulyanhulu. Tulikianza mchana mmoja mtoto alipotoka shule, nyuma ya kibanda changu cha chai, karibu na maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Sura ya pili, jiwe linamdanganya msichana. Linamwambia pita kushoto, na kushoto hakuna njia. Binti yangu, ana miaka minane, alininyang'anya kitabu akaurudia mstari ule kwa kidole.

"Mama, limemdanganya! Halafu yeye hajui!"

Maharage yaliungua siku ile na sikujali. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwa nimesoma kitu kikanifanya niogope kufunua ukurasa.

Mtoto akaanza mchezo wake. Anaokota jiwe, analiweka sikioni, anatangaza: hili la kweli, hili la uongo. Wateja wangu wanacheka, na mimi nacheka. Mpaka alipookota moja kwenye rundo la mawe ya duara la baba yake. Mume wangu ana hisa kwenye shimo lile na wenzake, na lilikuwa halijatema kitu tangu masika. Mtoto akasema, "Hili linasema kweli," akampa mmoja wao. Yule bwana, kwa utani, akalitwanga, akaliosha kwenye karai. Dhahabu ikaonekana, mstari mzuri kabisa wa njano.

Wote wakanyamaza. Wachimbaji wakinyamaza namna ile, mwite mwanao karibu.

Mume wangu aliporudi nyumbani hakunitazama usoni.

"Tumekwenda kwa mganga," akasema.

"Nani na nani?"

"Mimi na wenzangu. Anasema mtoto anausikia mwamba. Ashushwe shimoni kesho kutwa, mara moja tu, atuonyeshe upande wa kuchimba. Mpaka hiyo kesho kutwa asioge, asisalimiane na mtu."

"Huyu ni mtoto wangu au ni koleo?"

"Ni mara moja tu, mama."

"Si wewe uliyeniambia matimba ya mle ndani yameoza? Magogo yanayozuia udongo usiwaangukie, yameoza, umesema wewe! Halafu umfunge kamba mtoto? Ameyatoa kitabuni hayo. Ni hadithi!"

"Na ile ya kwenye karai nayo ni hadithi?"

Nilitaka kumtandika na mwiko. Nilitaka kukimbia pia, lakini nikimbie vipi? Bodaboda wote wa pale ni watu wao. Kesho yake asubuhi nikamshika mtoto mkono, nikachukua kitabu, nikaenda duarani.

Mwanamke hakaribii mdomo wa duara. Wanaamini dhahabu itahama. Wamefunga kamba kuzunguka, na mimi miaka yote chai naiacha nje ya kamba, wanakuja kuichukua. Siku ile niliinama nikapita chini yake. Wanaume walinyanyuka kama wamemwagiwa maji ya moto.

Msimamizi wao, mzee wa Kisukuma, akanyoosha mkono. "Mayu, mama, rudi nyuma."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Rudi nyuma!"

"Sirudi. Mtanisikiliza, ama nitakaa juu ya mdomo wa shimo hili mpaka mvua zinyeshe."

"Shemeji, usitutanie hivyo," mmoja akaomba, sauti ndogo kabisa.

Nikasoma. Niliwasomea sura ile jiwe linapomwingiza msichana chini ya mlima, na mlima unajifunga nyuma yake. Halafu hadithi ikanibeba, nikasahau nimesimama wapi. Nilipofika pale taa inapozimika, mchimbaji mmoja aliyeshika nondo aliiweka chini.

"Kwa hiyo hakutoka?" akauliza.

"Sijafika huko."

"Jiwe shenzi hilo," mwingine akasema, na alikuwa amekasirika kwelikweli.

Nikadhani nimeshinda. Nikawaambia, mmeona? Ndipo anapoyatoa. Hasikii mwamba wowote, anaigiza kitabu.

Msimamizi akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo hicho ndicho kinachomfundisha."

"Ndiyo, baba. Ndicho ninachosema."

"Basi dawa imo humo. Mtoto wa nini? Kishushwe kitabu."

Wakakubali wote, na wa kwanza kukubali alikuwa mume wangu. Ule unafuu usoni mwake ulinichefua kuliko ubishi wake wa jana. Nikatazama kidole changu kilipokuwa kati ya kurasa. Sura nne zimebaki, na msichana bado yumo chini ya mlima.

"Mama, usiwape," binti yangu akaninong'oneza.

Nikakichana. Pale pale kwenye kidole, kwa nguvu, uzi wa mgongo ukalia. Nikawapa jalada na kurasa za mbele.

"Ndicho chote hicho?" msimamizi akauliza.

"Hicho ndicho kilichomfundisha. Hizi zilizobaki hajazisoma."

Wakakiviringisha kwenye kitambaa chekundu, wakakifunga kamba, wakakishusha polepole, kwa uangalifu ambao sijawahi kuona wakimshushia binadamu. Wakiwa wameinama kuchungulia, sisi tulikuwa tunaelekea stendi. Hakuna aliyetuzuia. Mtoto hakuwa na kazi tena.

Ndani ya basi hakunisemesha mpaka tulipoipita Kahama. Alikuwa amevimba. Kisha akasema, "Soma."

Nikasoma kwa sauti, injini inanguruma, abiria wa kiti cha mbele kageuza shingo kusikiliza. Msichana hakumbembeleza jiwe wala hakulishinda kwa ujanja. Alichoka kuuliza. Akaziba masikio kwa tope, akatembea gizani akifuata upepo uliomgusa shavu. Nilisoma ukurasa ule mara mbili.

"Si angeziba tangu sura ya pili!" binti yangu akafoka.

"Angezibaje, na alikuwa anayapenda mawe?"

Wiki ile ile mume wangu akanipigia nikiwa kwa dada yangu Shinyanga. Wamechimba upande kitabu kilikotua, hawakupata kitu.

"Wanasema umebaki na kurasa zenyewe. Wanasema mrudi nazo."

"Na wewe unasemaje?"

Nilisikia mashine ya kuvuta maji nyuma yake.

"Nasema mrudi tu, mama. Mtoto tutaona."

"Tutaona?"

"Si nimesema tutaona?"

"Kurasa nitakutumia kesho na basi," nikamwambia. "Tumeshazimaliza. Mtoto simtumi."

Nikakata simu. Jumatatu nilikwenda kumwombea nafasi kwenye shule ya jirani.