Mkate wa Kule, Sukuma ya Hapa

Mume wangu alipokuwa hai tulikuwa na mchezo wetu wa jioni. Dada yake, yaani wifi yangu, anaishi Ujerumani, mji mdogo, anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Akitoka kazini alipitia dukani na kututumia sauti kwenye simu, akitembea kati ya rafu na kusoma bei kwa sauti ya chini ili wenye duka wasimshangae. Mkate huu hapa. Maziwa haya hapa. Mayai, trei ndogo. Sisi tulikaa kwenye chumba chetu mtaani Kaptembwo, Nakuru, tukabadilisha kila kitu kuwa shilingi na kubishana.

Haukuwa mchezo mtupu. Tulitaka kwenda. Nyumba ile ya wazee ilikuwa inachukua watu wa kufundishwa kazi, wanalipwa wakiendelea kujifunza, na wifi alikuwa amenitaja kwa mkubwa wake. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa alama za kawaida, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikata vitambaa kwenye duka la nguo mjini Nakuru. Mume wangu alikuwa fundi wa mbao. Mpango wetu ulikuwa nitangulie mimi, halafu yeye afuate. Kabla ya kuanza chochote, tulitaka kujua kama maisha ya kule yanawezekana kwa watu kama sisi.

Tulianza vibaya. Kitu cha kwanza tulichomtuma wifi atuulizie ni unga wa ugali. Ilibidi apande treni hadi mji mwingine penye duka la Waafrika, na bei aliyoleta ilimfanya mume wangu aweke simu mezani.

"Basi tumeshindwa," alisema. "Kama unga tu ni hivyo, nyama itakuwaje?"

"Kwani lazima mle ugali?" wifi akamjibu. "Kuna viazi huku, bei ya kutupa."

"Viazi ni vya kusindikiza chakula. Chakula chenyewe kiko wapi?"

"Wewe kaa hapo na ugali wako. Mke wako atakuja ale mkate anenepe, umsahau sura."

Halafu kulikuwa na joto. Wifi alitaja kodi ya chumba, ambayo peke yake ingelipa nyumba yetu ya Kaptembwo miezi mingi, akaongeza kwamba joto linalipiwa kando. Mume wangu alimwomba arudie mara mbili, akidhani hakusikia vizuri.

"Mnalipia joto?"

"Ndiyo. Wakati wa baridi ni pesa nyingi kuliko stima."

Alitazama juu kwenye mabati yetu, ambayo saa ile bado yalikuwa yanalia kwa jua la mchana. "Hapa tunapewa bure mpaka tunalikimbia," alisema.

Hata mwenye duka ninakofanya kazi alisikia habari hizi. Ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa Nakuru, baba yake vilevile, na kijana wake yuko Uingereza. Aliniambia nikifika kule nisahau shilingi kabisa.

"Mimi kila nikienda kwa kijana wangu, wiki ya kwanza sili," alisema. "Nashika kikombe cha chai, naona ni bei ya mita tatu za kitambaa kizuri. Nakirudisha mezani."

"Na wiki ya pili, mzee?"

"Wiki ya pili analipa yeye."

Tuliishia kukubaliana kwamba inawezekana. Mkate, maziwa, siagi, viazi, vitu hivyo havikuwa vibaya ukivilinganisha na mshahara. Kilichobaki kilikuwa pesa ya kuondokea: darasa la Kijerumani, mtihani, viza, tiketi. Mama mkwe wangu ana shamba Ndabibi, ng'ambo ya ziwa ukitokea Naivasha, na alikuwa amemkatia mume wangu sehemu yake. Sehemu ya chini ilikuwa ya mahindi. Sehemu ya juu ilikuwa kipande kando ya barabara, ambacho watu walikuwa wakikiulizia kila mara kwa ajili ya kujenga vibanda vya biashara. Tulipatana kuuza hicho cha barabarani. Broka wa mashamba alikuja, akakipima kwa hatua zake, akasema mteja hatakosekana.

Mume wangu alikufa mwaka jana, msimu wa mvua, kwa ugonjwa wa kifua uliomchukua haraka kuliko tulivyojua kuuliza maswali hospitalini.

Sitasema mengi juu ya siku zile. Majirani wa Kaptembwo walijaa kwetu kila jioni mpaka siku ya mazishi. Aliyekuja na sukari alikuja na sukari, aliyekuja na majani chai au makaa alikuja navyo. Watu ninaowajua kuwa wanalala bila kula walichanga. Sikununua hata chumvi. Wifi hakuweza kuja, tiketi ya haraka ilikuwa inamshinda, na likizo alikuwa ameshaimaliza. Alitazama mazishi kwenye simu iliyoshikwa na binamu yake, na mara kwa mara ilisikika sauti yake ikimwomba binamu asiinamishe simu.

Kaburi lilikuwa limeanza kuchimbwa Ndabibi, kwenye sehemu yetu ya chini, mwisho wa mahindi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha sana na shimo likawa linaingia maji. Wazee walikaa kando wakazungumza, kisha wakawaambia vijana wapande juu wachimbe mahali pakavu. Mahali pakavu palikuwa kando ya barabara.

Niliona. Nadhani mama mkwe pia aliona, kwa sababu tulitazamana. Kwetu shamba likishawekwa kaburi limewekwa, hakuna anayelinunua. Lakini mjane hawezi kusimama mbele ya shimo la mume wake aseme, hapo msichimbe, hapo tunauza. Nikanyamaza, na yeye akanyamaza, na mume wangu akazikwa hapo.

Miezi kadhaa baadaye wifi alipiga simu. Nafasi yangu bado ilikuwepo, lakini walitaka jibu kabla ya darasa jipya la wanafunzi. "Kaka alitaka uje," alisema. "Tuanze tena hesabu, lakini sasa ya mtu mmoja."

Nilidhani itakuwa rahisi. Hesabu ya mtu mmoja ni ngumu kuliko ya wawili. Chumba hakipungui bei kwa sababu mmoja hayupo. Joto la kule halipungui. Hata hapa nyumbani nilikuwa sijajifunza: nilikuwa bado nasonga ugali wa watu wawili na kuula wa baridi asubuhi na chai. Wifi aliponiuliza natumia unga kiasi gani kwa mwezi, nilimtajia kiasi cha zamani, cha watu wawili, naye akaelewa.

Akaniambia nimtajie gharama zangu zote za hapa, moja moja. Kodi. Maji ya mtungi. Tokeni za stima. Makaa. Nauli siku za mvua, siku nyingine naenda kwa miguu. Chama cha akiba. Kanisa. Na michango ya matanga, kwa sababu tangu tuzike mume wangu sikosi kwa mtu yeyote aliyefiwa.

"Hiyo ya mwisho futa," wifi alisema. "Huku haipo."

"Na mtu akifa?"

"Kila mtu na watu wake. Kama ana watu."

Akanieleza juu ya bibi mmoja aliyekuwa akimwogesha, aliyekufa majira ya baridi. Walimzika makaburi ya mji. Wifi alikwenda siku yake ya mapumziko kuona pale, ndipo akajua kwamba kaburi linakodishwa kwa miaka. Ikiisha, kama hakuna wa kulipa, anapewa mwingine.

"Kodi ya kaburi?" nilimuuliza.

"Kodi ya kaburi. Usimwambie mama."

Sikumwambia. Lakini nilikuwa nalifikiria neno hilo siku nilipokwenda Ndabibi kukutana na broka. Nilikuwa nimempigia kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kupata pesa, na kwa sababu nilitaka mtu mwingine aseme kile nilichokijua. Alifika kwa boda boda na hakushuka haraka. Aliliona kaburi akiwa bado amekaa.

"Pole sana, mathe," aliniambia. Halafu akavua kofia na kuikunja mkononi. "Nisikudanganye. Siku hizi mteja ananiuliza kama kuna kaburi kabla hajaniuliza kama kuna maji."

"Na pale chini?"

"Chini hakuna barabara. Nani atafungua duka katikati ya mahindi?" Akageuka kulitazama tena kaburi. "Kuna watu huwa wanahamisha. Unatafuta kibali, unaita vijana, anashushwa pale kwa mahindi wakati wa ukavu. Si mbali. Ni kama kumhamisha mtu kutoka sebuleni kumpeleka chumbani."

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni na beseni la maharagwe mapajani, anachambua. Hakuinua macho.

"Mhamisheni," alisema.

"Mama, unasema nini?"

"Nasema mhamisheni. Ndiye aliyetaka uende. Sasa amekalia nauli yako."

Broka alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akaivaa kofia yake tena. Mama mkwe aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe na kulitupa uani.

"Ila siku hiyo mnipeleke Naivasha asubuhi," alisema. "Mnirudishe mkishamaliza. Na mpige fagio, nisione udongo mpya."

Nilikaa naye mpaka maharagwe yakaisha. Kichwani nilikuwa bado napiga hesabu, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuipiga. Kibali. Vijana wa kuchimba. Sanduku jipya, kwa sababu la zamani halingenyanyuka. Mchungaji. Watu watakaokuja, maana watu wangekuja, na wakija lazima wale. Yangekuwa matanga ya pili, na huwezi kurudi Kaptembwo ukawaomba majirani wachange mara mbili kwa mtu mmoja. Lakini hata kama pesa hiyo yote ingepatikana, ningepata wapi mahali pa kumweka mama mkwe siku nzima Naivasha? Ningemketisha kwenye hoteli gani na kumwagizia chai gani, huku tukijua wote wawili kinachofanyika nyumbani kwake?

Jumapili iliyofuata nilimpigia wifi. Alikuwa dukani, nilisikia vigurudumu vya vikapu.

"Sitaweza, wifi."

"Ni pesa? Nitaongeza kidogo. Tutaomba watusubiri."

"Si pesa peke yake." Nikamweleza juu ya broka, na maharagwe, na Naivasha.

Nilisikia vigurudumu vya kikapu chake vikisimama.

"Nilikuwa nimekuonea chumba," alisema. "Ghorofa ya chini yangu. Ningekuwa nakugongea sakafuni uje na unga." Kisha akasema, "Huku hakuna mtu hata mmoja anayejua kwamba nilikuwa na kaka. Nilitaka angalau mmoja."

Neno hilo nimelifikiria mara nyingi nikiwa nakata vitambaa. Watu wa kanisani walinisifu kwamba nimeheshimu mume wangu. Mimi mwenyewe sijui. Huenda nilibaki kwa ajili yake, au kwa ajili ya mama yake. Huenda pia niliogopa lugha ngumu na baridi ya kulipia, na kaburi likanipa sababu ambayo hakuna wa kunilaumu nayo. Nikiwa nimechoka sana, siku ambazo mshahara umeisha na mwezi haujaisha, huwa namkasirikia yeye kwa kulala mahali pale. Halafu nakumbuka kwamba si yeye aliyechagua. Mwenye duka aliposikia kwamba siendi, alisema tu, "Basi utakula wiki zote mbili," akanipa robota jipya la vitambaa nilifungue.

Kwa muda wifi hakupiga. Sikumlaumu. Nafasi ilichukuliwa na mtu mwingine, na hapa kodi ya nyumba ilipanda kama inavyopanda, nikahamia chumba kidogo zaidi kwenye ploti ileile ya vyumba vya kupanga.

Kisha jioni moja nikiwa nimesimama kwa mama mboga, simu ikaleta sauti. Hakukuwa na salamu. Nilisikia vigurudumu, na wifi akisema kwa sauti ile ya chini: "Mkate umepanda. Siagi pia. Hawa watu wameamua tule hewa."

Nilibonyeza simu irekodi na kuisogeza kwa mama mboga. "Fungu la sukuma ni ngapi leo?"

"Bei ni ya jana," mama mboga alisema. "Ni majani tu yamepungua."

"Yamepungua kiasi gani?"

"Kwani unapikia nani, mama? Hayo si yanakutosha?"

Nilituma hivyo hivyo, na swali lake likiwa ndani. Nilikuwa nimeshalipa na kuanza kutembea wifi aliporudisha sauti. Alikuwa anacheka. Anacheka kama kaka yake, inaanzia puani. Nilisimama kando ya njia nikaisikiliza tena, kisha nikamwambia asiondoke dukani kwanza, anisomee na bei ya maziwa.