Mgonjwa Aliposema Boga Ni Chungu

Asubuhi moja ya Mzenga, kijijini kwa mume wangu, naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimeolewa miezi mitatu tu. Nimetoka kwetu Sofu na sanduku moja na mkeka, nimeingia nyumba ya watu, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku hiyo nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba nakuna nazi, na ndani mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, alikuwa kitandani siku ya sita.

Homa yenyewe ilikuwa imeshaondoka, kilichobaki ni unyonge. Ugali haupiti kooni, na akisikia harufu ya samaki tumbo linageuka. Na kule Mzenga kitoweo ni samaki wa mto Ruvu, awe mbichi au mkavu. Ukimwondolea mtu samaki, umebaki na majani na maboga. Basi mwenyewe akasema, "Nipikieni boga la nazi, liwe jepesi la kunywa." Nilifurahi, maana boga la kunywa nilikuwa nalijua. Nilifundishwa na somo yangu, Bi Zena, nilipokuwa mwali ndani.

Nakueleza na wewe ulijue. Chagua boga lililokomaa, kikonyo kimekauka, ganda ukucha hauingii. Limenye, toa mbegu na nyuzi zake, likate vipande vidogo. Kuna nazi mbili. Tui zito la kwanza liweke pembeni, ulifunike. Tui jepesi la pili na la tatu ndilo la kuchemshia boga, pamoja na kitunguu, chumvi, na tangawizi kidogo iliyopondwa. Liache liive mpaka ukiligusa kwa upawa linavunjika lenyewe. Hapo epua, liponde, lipitishe kwenye chujio mpaka usibaki ugumu hata wa punje ya mchele. Kisha lirudishe jikoni, lakini vuta kuni nje, ubakie na makaa. Sasa ndiyo unamimina tui zito, na mkono hausimami kukoroga. Lisitokote. Tui likitokota hukatika, mafuta yakaenda juu na maji chini, nawe umepika kitu cha kumpa aibu mgeni.

Lakini kuna jambo la kwanza kabla ya hayo yote, na ndilo nililoliacha. Ukishalipasua boga, gusa kipande kibichi kwa ncha ya ulimi. Likiwa chungu, litupe lote, usimpe hata kuku. Bi Zena aliponiambia hivyo nilicheka.

"Boga na uchungu wapi na wapi, somo?"

"Lililojiotea kwenye vibuyu huchukua uchungu wa jirani," akasema. "Kwa macho hulijui, na moto hauliponyi. Ulimi ndio unaolijua. Cheka, lakini onja."

Boga la siku ile lililetwa na jirani, Tatu binti Shomari, asubuhi ile ile, amelibeba kichwani. Zuri kweli, la manjano, zito. Akaketi kwenye baraza ya nyuma na wifi yangu Mwajuma wakipiga soga. Huyu Mwajuma, dada wa mume wangu, alikuwa ameachika karibuni na kurudi kwao, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kila kitu, hata wa mdomo wa mtu. Nikalipasua boga, nikakata kipande, nikakipeleka mdomoni.

"He! Wifi," akasema Mwajuma, "mgonjwa hajala, wewe umeshaanza? Huko kwenu Sofu mlikuwa mnalala na njaa?"

"Mwache," akasema Tatu, "mabibi harusi wa siku hizi wanaonja hadi kuni."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikakirudisha kipande sufuriani. Katika nyumba ile nilikuwa nimeshaambiwa tangu wiki ya kwanza kwamba bibi harusi haonji kitu mbele ya wakubwa wa nyumba, na anayeonja ni mlafi. Neno mlafi, kwa msichana wa miaka kumi na saba aliye kwa watu, lilikuwa zito kuliko boga lile. Nikapika kama nilivyokuelekeza, hatua kwa hatua, isipokuwa ile moja. Likatoka laini, linang'aa, rangi ya kiini cha yai.

Nikampelekea bakuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Loo, linanukia."

Akanywa vijiko viwili, akakunja uso. "Mbona chungu?"

Mwajuma akadakia kutoka mlangoni, "Mdomo wa homa huo, mama. Si jana ulisema hata maji ni machungu?"

Na kweli jana alisema hivyo. Alikuwa amemeza kwinini siku tatu, na mtu wa kwinini hata asali huiona shubiri. Lakini Bi Mwamvua akatikisa kichwa.

"Uchungu wa homa naujua. Huu ni wa boga."

Mwanangu, hapa ndipo ungesimama na kulia kama ungekuwepo. Mimi sikusimama. Nilikwenda nikaongeza sukari, nikaongeza tui zito, nikarudi nikamshika kichwa. "Jikaze, mama, unywe upate nguvu." Akanywa kwa kunitii, kama mtoto. Nilimnywesha kwa mkono huu mpaka bakuli likabaki jeupe.

Nilipokwenda kuosha sufuria ndipo nikalamba mwiko. Uchungu ulinishika mpaka masikioni. Nikamkimbilia Mwajuma na ule mwiko. Akagusa kwa kidole, akalamba, akatema chini.

"Nyamaza," akasema.

"Dada, tumwambie mama atapike."

"Nyamaza, nakwambia! Wewe umekuja juzi. Ukisema boga lilikuwa baya watasema umemlisha mkweo sumu. Nani atakutetea? Mimi sitakutetea."

Nikanyamaza. Nikamwaga yaliyobaki shimoni, nikafukia kwa jembe.

Jua lilipokuwa kichwani mama alianza kutapika, kisha tumbo likamwendesha bila kituo. Majirani wakaja, wakasema homa imerudi. Tatu naye alikuja, akashika tama, akarudi zake. Alasiri mume wangu Salumu akatoka shamba, akauliza mama amekula nini.

"Boga tu," akasema Mwajuma. "Chakula cha mgonjwa."

Salumu akanitazama. Nikatazama kidole changu cha mguu. Basi wakamtibu homa mtu aliyekuwa hana homa. Kulipopambazuka akawa hana hata sauti, ndipo wanaume wanne wakambeba kwenye kitanda, safari ya zahanati, nasi nyuma yao. Kule dresa, mtoa dawa wa pale, alimvuta ngozi ya mkono, ikabaki imesimama kwa kukaukiwa maji. Akauliza swali lile lile, amekula nini. Nikasema. Nikasema yote, boga, uchungu, sukari, shimo.

Yule dresa hakunipigia kelele. Alisema tu, "Haya ungeyasema jana," akaanza kumtilia maji mdomoni kijiko kwa kijiko.

Bi Mwamvua alifumbua macho, akanitafuta mpaka akaniona.

"Si nilikwambia chungu?" akasema.

Hakusema kwa hasira. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Siku ya hitima, tukiwa tunapepeta mchele, Tatu akatoa siri yake mwenyewe, tena bila kuulizwa. Ule mboga wake, mti wenyewe wa maboga, ulijiotea jalalani, umepanda juu ya uzio mmoja na vibuyu. Boga la kwanza alilipika wiki iliyotangulia, akalimwaga kwa kuwa lilikuwa chungu. "Nilidhani ni lile moja," akasema. Alidhani! Mti mmoja, tunda hili chungu, lile tamu? Na alikaa pale kibarazani, akanicheka nilipotaka kuonja. Mwajuma naye hakuona haya. Alizunguka mji mzima akisema bibi harusi wa Sofu hajui kupika. Kabla mwaka haujaisha nikarudishwa kwetu.

Nawataja kwa majina, Mwajuma na Tatu, na wote wangali hai. Watasomewa haya, nao wasikie. Watu huniambia niseme ni amri ya Mungu. Amri ya Mungu siipingi, lakini kwa kinywa cha Mwajuma siipokei, kwa kuwa Mungu huyo huyo ndiye aliyetupa ulimi wa kuonjea na wa kusemea. Na mimi najitaja pamoja nao, wala si wa mwisho. Wao walinizuia kuonja. Kunyamaza nilinyamaza mwenyewe, toka asubuhi hadi asubuhi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilificha maradhi yasiyokuwa yangu.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Ukipika, onja, na anayekuita mlafi mwache aite, jina halijaua mtu. Mgonjwa akikwambia chakula kina kasoro, kionje wewe kwanza ndipo umbishie. Usimwongezee sukari ili anyamaze. Na ukikosea, sema saa ile ile, hata kama sauti inatetemeka, hata kama wakubwa wote wamekukodolea macho. Aibu ya kusema huisha siku hiyo hiyo. Mimi ya kutosema naila mpaka leo, na hainishibishi.

Boga lenyewe usiliogope. Mimi hulipika mpaka leo, na wakwe zangu wa sasa hulinywa wakaomba tena.

Mungu akujalie moto usiozimika na nyumba ambayo mdogo akisema husikizwa. Akupe watoto wa kukuuguza siku zako zikifika, na ukiwaambia neno ukiwa kitandani, wakuamini. Amina.